Mgeni Aliyelala Ndani ya Passo

Mimi simwamini mtu anayekodi gari na kukataa dereva. Nasema mapema, usije ukadhani nilikuwa na roho nzuri tangu mwanzo. Nina magari mawili madogo ya kukodisha pale Nshambya, Bukoba mjini, na kwa miaka sita nimeona mengi: bwana harusi aliyenirudishia gari limejaa manyoya ya kuku, mchungaji aliyeaga anakwenda Kemondo akaonekana Biharamulo. Kwa hiyo Mwalimu Agnetha alipokuja mwezi wa saba, akataka Passo kwa siku mbili, peke yake, nilimtazama juu mpaka chini kana kwamba hatuimbi kwaya moja kila Jumapili.

"Unakwenda wapi, Mwalimu?"

"Nyumbani, Kamachumu."

"Si kuna Hiace za Muleba kila saa?"

"Mama Derick, nimekuja kuchukua gari. Sikuja kuchukua mashauri."

Nikamwambia funguo zangu hazitoki bila maelezo. Akanitazama kwa yale macho yake ya darasani. Huyu mama amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita, na inasemekana siku moja aliwapanga watoto sitini mstari, akawanusa midomo mmoja mmoja mpaka akampata aliyekula parachichi la mwalimu mkuu. Mumewe alipofariki, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na saba, na mpaka leo anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Uongo anaunusa kabla haujafika. Sasa alikuwa ameunusa kwao.

Alikaa kwenye benchi langu akanieleza. Mama yake, Bibi Kokubanza, ana miaka themanini na sita, anaishi kwenye kibanja cha familia, lile shamba la migomba lenye nyumba yao, pamoja na Karugendo, mdogo wake Agnetha wa kiume. Krismasi iliyopita Agnetha hakwenda kwa sababu ya upasuaji. Mwezi wa tatu alipiga simu, akaanza kuongea na mama, mara simu ikakatika. Tangu siku hiyo hajaisikia tena sauti yake. Kila akipiga, Karugendo anasema mama amelala. Au yuko shambani. Au simu haina chaji.

"Bibi wa miaka themanini na sita yuko shambani saa mbili usiku? Analima na mwezi?" Aligonga benchi kwa kiganja. "Niliwapigia majirani watatu. Wote wananijibu maneno yaleyale: mama yupo, anaendelea. Watu watatu hawawezi kusema neno moja bila kufundishwa. Huyu amemfungia mama yangu. Anataka aweke dole gumba, auze kibanja. Na baba amezikwa mle, Mama Derick. Na babu."

"Basi panda Hiace ukamwone."

"Nikishuka tu kituoni, mwenye bodaboda atampigia Karugendo kabla sijafunga mkoba. Atamwogesha mama, atamvalisha, atamkalisha sebuleni. Mimi nataka kumwona kama anavyoishi siku ambayo hakuna mgeni."

Nikampa funguo. Sikuamini hata nusu, lakini nilimpa.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe aliporudi, na mengine nilihusishwa kwa nguvu, kama utakavyoona.

Alipita Muhutwe, akapanda mlima taratibu, akaingia Kamachumu jua likielekea kuzama. Hakwenda nyumbani. Aliegesha kando ya uwanja wa kanisa, mahali ambapo ukitazama katikati ya migomba unaona mlango wa nyuma wa kwao. Akajifunga kitenge kichwani hadi kwenye nyusi, akalaza kiti, akatulia. Alikuwa amebeba mkate na chupa ya chai kutoka Bukoba, maana alikuwa ameapa kutoonja kitu cha nyumba ile.

Kabla giza halijaingia vizuri, Karugendo alitoka jikoni na sahani iliyofunikwa. Akaingia chumba cha mwisho, kile cha mama. Akakaa kidogo. Akatoka na sahani tupu, akavuta mlango, kisha akafunga kufuli kwa nje.

"Kufuli, Mama Derick," aliniambia. "Mama yangu, kama mbuzi."

Alishika kitasa cha gari ateremke akapige kelele. Kisha ualimu ukamrudia. Usiku mdogo mtu atakuwa na maneno mia, na shahidi hakuna. Asubuhi watu wanapita kwenda kuchota maji. Agnetha atamkuta na kufuli mkononi, mbele ya kila mtu, aone atasema nini. Akafunga milango minne, akakaa macho.

Kumbe naye alikuwa anatazamwa. Mwezi wa saba ni msimu wa kahawa, na Kamachumu gari geni likilala kando ya barabara wakati wa kahawa, watu hawafikirii sala. Wanafikiria magendo, magunia yanayovuka kwenda Uganda. Saa nne hivi mwenyekiti wa kitongoji, bwana mmoja anaitwa Byabato, aligonga kioo kwa tochi. Yeye alihamia pale Agnetha akiwa ameshaondoka, hivyo hawakufahamiana.

"Mama, habari za usiku. Unasubiri nini hapa?"

Mwalimu aliyenusa uongo miaka thelathini na sita, siku ya kuutunga wake ukamshinda. Alisema anakwenda kisiwa cha Bumbire, anasubiri boti ya alfajiri.

Byabato alimulika migomba, akamulika mlima, akamulika kanisa. "Boti inapita huku juu, waitu?" aliuliza, kwa neno lile la heshima la Kihaya.

Sasa mimi, kwa tamaa ya wateja, nilikuwa nimeandika namba yangu ya simu kwenye kioo cha nyuma. Simu ikanikuta kitandani. "Wewe ndiye mwenye Passo hii? Kuna mama ndani yake anasubiri boti mlimani. Gari limebeba nini?" Niliona kahawa, niliona polisi, niliona Passo yangu ikipigwa mnada. Nikajisemea, hii ndiyo kwaya! Nikaomba niongee na mteja wangu. Agnetha alinong'ona tu: "Usinitaje jina. Nakuomba kwa jina la Bwana, usinitaje."

Ningeweza kumtaja nikalala usingizi wangu. Lakini ile sauti haikuwa ya mtu wa magendo. Nikamwambia Byabato kwamba ni mama mstaafu, safari imemchosha, afungue buti aone. Akafungua. Akakuta tairi la akiba na mwamvuli wangu. Hata hivyo hakuridhika. Aliwaweka vijana wawili chini ya mgomba wamlinde mpaka kuche. Basi ikawa hivyo: Agnetha analinda nyumba, vijana wanamlinda Agnetha, na mimi huku Nshambya nageukageuka nikililinda gari kwa mawazo.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Agnetha alipitiwa na usingizi, na aligutushwa na vidole vikigonga kioo polepole. Akadhani ni Byabato tena. Alipofuta mvuke kwa kiganja, akamwona mama yake.

Amevaa gauni safi. Kichwa kimefungwa kitambaa vizuri, miguu imepakwa mafuta. Hana kovu, hana njaa usoni. Mkononi kashika kikapu kidogo cha ukindu. Agnetha alishusha kioo, na maneno yote aliyoyapanga usiku kucha yakampotea.

"Umelalaje, omugenyi?" mama aliuliza kwa Kihaya, akimwita mgeni, kwa adabu kubwa. "Wamenifungulia mlango nikaona gari lako. Umelala nje ya kwangu na hakuna aliyekupa kitu. Utusamehe, waitu."

Akatoa punje moja ya akamwani, ile kahawa ya kutafuna, akaitia kwanza kinywani mwake mwenyewe, akatafuna ili mgeni aone haina sumu. Ndivyo wazee wanavyofanya kwa mtu wasiyemjua. Kisha akamnyooshea kikapu.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Akamwani hupewa mgeni. Mtoto wa nyumba hapewi hivyo. Mtoto ndiye hutumwa kwenda kuileta. Tangu apate akili Agnetha alikuwa amekibeba kikapu hicho mara ngapi, akiwapelekea wageni wa mama yake. Hakuwahi kunyooshewa yeye.

Alichukua punje mbili. Akatafuna. Alisema hakuhisi ladha yoyote.

Karugendo alikuja mbio, kufuli mkononi kweli, kama Agnetha alivyotaka akutwe. Alipomtambua dada yake ndani ya gari, alikaa chini kwenye umande.

"Mwezi wa tatu nilimpa simu," alisema. "Alikusikiliza, akaikata mwenyewe. Akaniuliza, huyu mwanamke anayejifanya Agnetha ni nani? Ningekwambiaje hilo, dada? Ulikuwa umetoka kupasuliwa. Nikawaomba na majirani wakujibu kama mimi."

"Na kufuli?"

"Mara mbili tumemkuta njia ya Muhutwe saa nane usiku, pekupeku. Anasema anarudi kwa baba yake."

Vijana wawili chini ya mgomba walitazama pembeni. Mama alikuwa akiwasikiliza kwa upole, kama mtu anayesikia ugomvi wa nyumba ya jirani. Kisha akamshika Agnetha mkono akamwambia mgeni halali kwenye chuma wakati yeye ana kitanda, aingie ndani.

Siku ya pili ilipoisha na Passo haijarudi, nilipiga simu nikiwa nimeshaandaa matusi ya Kikristo. Agnetha akasema, "Niongezee siku mbili, Mama Derick. Bado mimi ni mgeni huku." Sikumwelewa. Nikaanza kushuku upya, nimeumbwa hivyo.

Aliporudisha gari lilikuwa limeoshwa, na ndani mna mkungu wa ndizi. Alikaa kwenye benchi muda mrefu kabla hajaniambia ya siku ya tatu.

Asubuhi ile mama yake alimletea jembe, akacheka na kumkumbusha msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Agnetha akashika jembe. Akapalilia kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kaburi la baba, bila kujeruhi mizizi ya mgomba hata mmoja. Akatoa majani makavu, akayatandaza kwenye mashina, akakusanya magugu mahali pamoja. Mama alikaa kwenye kigoda akimtazama saa nzima. Mwisho akamwita, akampangusa udongo shavuni kwa ncha ya kanga.

"Umelelewa wewe," alisema. "Aliyekuzaa hakufanya mchezo. Bado yu hai?"

"Yu hai, waitu," Agnetha akajibu.

"Basi ukifika kwenu mwambie nampongeza."