Mlango Unaolia

Kwetu mtu akishapanda ndege mara moja, amekwisha. Anakuwa mtaalamu wa ukoo mzima. Mimi nilipanda kwa ajili ya semina ya kazini, na tangu niliporudi Tukuyu sijapumzika. Mgonjwa yeyote akiandikiwa kwenda hospitali kubwa Dar, napigiwa simu mimi. Si kwamba najua habari za hospitali. Najua mtu avae nini ili apite kwenye ule mlango unaolia wa uwanja wa ndege, basi.

Na kumwandaa mtu wa Rungwe kupanda ndege ni kazi. Sisi ni watu wa mvua na baridi, mtu akienda safari anavaa kila alichonacho. Utamkuta ana fulana, shati, sweta na koti, na miguuni mabuti ya mvua yenye udongo wa shambani. Mama anayejiheshimu hatoki bila kitenge juu ya gauni na khanga ndani ya gauni. Vyote hivyo nimevivua mimi, kimoja baada ya kingine, nimepiga magoti sakafuni huku foleni nyuma yetu inasonya. Nimeshika viatu vya wajomba. Nimeshika meno ya bandia ya bibi mmoja wa Mpuguso, aliyesikia kwamba vyuma haviruhusiwi, akayatoa mwenyewe na kunikabidhi mkononi mbele za watu. Siku hizi simu ya ndugu ikiita asubuhi naanza kuchoka kabla sijaipokea.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Nakwenda kwa msafiri siku moja kabla, namkalisha chini, namhubiria. Usivae mkanda. Usibane nywele kwa pini. Acha kisu cha kumenyea ndizi nyumbani, huko hutamenya ndizi. Na kwa kuwa watu wetu ukiwaambia jambo kavukavu hawalishiki, nilizoea kutia chumvi. Nilikuwa nawasimulia habari za mjomba wa Lufingo, aliyekwenda na suruali kubwa kuliko yeye, akaambiwa avue mkanda, akapita ameishika suruali kwa mikono miwili, kisha akaambiwa anyooshe mikono juu. Watu walicheka hadi machozi. Nami nikamalizia kwa sauti ya mchungaji: "Ile mashine haina mzaha. Ukikutwa na chuma ukakataa kuvua, unarudishwa kwenu."

Sijawahi kuona mtu akirudishwa. Ila maneno hayo yaliwafanya wawe wasikivu, na mimi nilitaka usikivu ili niwahi kurudi kulala.

Zamu ya mama ilipofika, nilikuwa nimeshachoka na zamu za watu wote. Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa huku alisema usipotolewa mapema utammaliza. Mdogo wangu anayeishi Dar alipanga siku na daktari wa upasuaji, mwingine akakata tiketi, mimi nikapewa kazi yangu ya siku zote. Kila tulipompa taarifa mama alijibu "ndaga", asante ya kwetu, tukaona mambo yamenyooka.

Nilikwenda Kinyala nyumbani kwa wazazi nikahubiri mahubiri yangu. Mama alikaa kwenye kigoda chake. Baba, ambaye miguu imemwishia nguvu na siku hizi anashinda karibu na moto, ndiye aliyeuliza swali.

"Mwenye mkanda akikataa kuvua, wanamrudisha kweli?"

"Wanamrudisha, baba. Siku hiyohiyo."

"Hata kama tiketi imelipiwa?"

"Hata kama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei nzuri. Nilidhani ananipongeza kwa elimu yangu.

Asubuhi nilimkagua mama kwa macho. Gauni, kitenge, sweta, viatu vya kuvua kwa urahisi. Sikumpapasa, nani anampapasa mama yake? Tulipanda gari la kukodi, mvua ikatusindikiza, na kule juu Isyonje ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa. Mama alikuwa ameweka mikono tumboni njia nzima. Niliwaza ni maumivu. Nikamwegemea begani nikasinzia, mimi niliyekuja kumsindikiza mgonjwa.

Pale uwanja wa ndege nilifanya yangu kama roboti. Begi juu ya mashine, sweta kwenye trei, viatu kwenye trei, simu kwenye trei. Mama akapita mlangoni, mlango ukalia. Akarudishwa nyuma, akapita tena, ukalia tena. Ofisa mmoja wa kike, binti mdogo tu, akamwambia "shikamoo bibi, samahani", akampitishia kile kifaa cha mkononi. Mabegani kimya. Mgongoni kimya. Kilipofika tumboni kikapiga kelele.

Nakiri ujinga wangu. Kwa sekunde ile niliamini kwamba kimeuona uvimbe.

"Bibi, una nini hapo?"

Mama akafunua kitenge kidogo. Chini yake, juu ya gauni, ulikuwa mkanda wa baba. Ule mpana wa ngozi, wenye chuma kikubwa cha njano, mkanda wa kuendea kanisani. Ulikuwa umekazwa hasa, na karibu na mwisho palikuwa na tundu jipya.

"Mama!" nilisema, na sauti yangu haikuwa ya adabu. "Si nilisema? Jana nilisema nini?"

"Nilikusikia," akajibu.

"Basi uvue."

"Sivui."

Alisema kwa upole, kama anavyokataa kuongezewa chai. Watu nyuma yetu walianza kuguna. Mwanamume mmoja alitazama saa yake kwa makusudi ili nimwone. Nilitamani kukaa palepale sakafuni nisiinuke tena. Mama alimgeukia yule binti akamwambia kwa Kiswahili chake cha polepole: "Mimi sivui, mwanangu. Kama sheria ni kurudisha, nirudisheni. Sina ugomvi na mtu."

Binti akacheka, si kwa dharau. "Hatumrudishi mtu kwa sababu ya mkanda, bibi. Ukivua tunauweka kwenye trei, unapita, unauvaa tena. Kama unaona haya twende pale nyuma ya pazia, nikusaidie mimi."

Mama akanitazama. Nimeshatazamwa na mama kwa hasira na kwa huruma, lakini jicho lile sikulijua. Lilikuwa la mtu aliyepewa njia akaifuata, akakuta imefungwa.

"Ulisema wanarudisha," akasema.

Alikwenda nyuma ya pazia. Mkanda ukatoka umeviringishwa, ukapita kwenye mashine na viatu vyake, na yeye akapita mlangoni kimya. Nikamkalisha kwenye kiti. Hakuvaa viatu. Alikaa ameshika mkanda mapajani, nami nikasimama mbele yake nimeshika kiatu kimoja, nikitafuta maneno makali ambayo binti anaweza kumwambia mama yake na bado akabaki mwana wa watu.

Simu yangu ikaita. Namba ya jirani yao wa Kinyala, lakini aliyeongea ni baba.

"Mmefika wapi kurudi?" akauliza.

"Kurudi wapi, baba?"

"Nyumbani. Nimeshabandika ndizi."

Baba yangu hajawahi kupika maishani mwake. Sufuria za mama anazijua kwa kuziona zikija mezani. Niliisikia sauti ya mtu anayepuliza moto usiotaka kuwaka, kisha kikohozi cha moshi. Nikaibana simu kifuani.

"Mlipanga," nilimwambia mama. "Ninyi wawili mlipanga."

"Baba yako ndiye aliyenifunga. Tumbo langu na lake hayako sawa, akatoboa tundu kwa msumari."

"Sasa si ungesema tu kwamba hutaki?"

"Nimwambie nani?" Hakupandisha sauti. "Mmoja amepanga na daktari, mmoja amekata tiketi, wewe umekuja kuniambia nivae nini. Aliyeniuliza ni nani? Nikikataa mimi, mtasema mama hana shukrani. Mashine ikikataa, hakuna mwenye kosa. Ningerudi, tungekula."

Abiria walianza kuitwa. Nilichuchumaa nimvalishe kiatu, kwa sababu mikono yangu imezoea hivyo, na mguu wake ulikuwa wa baridi. Hapo ndipo niliposhindwa. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa, yakamdondokea juu ya mguu.

"Unalia nini? Anayekwenda kukatwa ni mimi."

"Naogopa, mama. Naogopa nitakupeleka halafu nirudi peke yangu. Baba atauliza mmefika wapi, nami nimjibu nini?"

Tangazo la abiria likarudiwa.

"Na wadogo zako?"

"Wanaogopa wote. Yule wa Dar analia kwenye simu kila siku."

"Mbona hamkusema?"

"Tungekuambiaje?"

"Mimi naogopa fijo," akasema, kwa lile neno la nyumbani ambalo ni zaidi ya sana. "Nilidhani naogopa peke yangu na baba yako. Nyie nikawaona mnakimbia huku na huku na makaratasi, nikajua kwenu ni jambo dogo."

Nikamwambia kwamba akitaka turudi, tutarudi. Nilimaanisha. Nilimwambia nitawapigia simu wote, nitasema nimeamua mimi, asilaumiwe yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua ncha ya kitenge chake akanifuta uso, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta kamasi utotoni. Akavaa kiatu cha pili mwenyewe. Akasimama, akaufunga mkanda juu ya kitenge, hadharani, kila mtu auone. Kisha akanyoosha mkono apewe simu.

Baba alikuwa bado kwenye laini, anakohoa.

"Hawarudishi," mama akamwambia. "Mwanao alitutania."

Sikusikia baba alijibu nini. Mama alisikiliza, akageukia ukutani nisimwone uso.

"Zile ndizi umebandika za watu wangapi?" akauliza. Akasikiliza tena. "Ndiyo, ni nyingi. Basi kula polepole, mpaka nitakaporudi."