Eskoti Leo Haiji

Jumapili moja naikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu, na kwa miaka mingi nimekana nilichofanya siku ile. Rafiki yangu Kabula akinikumbusha, nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Ule mchezo ulikuwa huru. Kila mmoja alichagua mwenyewe." Si kweli. Nilichagua mimi kwa niaba ya wote, nikawaachia dadu wazirushe ili wasigundue.

Nikueleze kwanza mchezo wenyewe, maana ninyi mnacheza ya kwenye simu. Huu hauna ubao wala karata. Mmoja wenu ni mwongozaji: anasimulia mahali mlipo, hali ya hewa, watu mnaokutana nao. Wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi, naye husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu, mnarusha dadu kuona kama mmefanikiwa. Nilijifunza bwenini, chuo kikuu, kwa msichana tuliyekuwa naye chumba kimoja, nikarudi nao kwetu Rulenge pamoja na shahada yangu. Kati ya viwili hivyo, mchezo ndio uliopata kazi haraka.

Wachezaji walikuwa watatu. Deo, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anatafuta pa kuanzia maisha. Shabani, mtoto wa duka la vitambaa pale sokoni, ambaye alijifunza kutania kabla ya kujifunza kusalimia. Na Kabula, ambaye wazazi wake walihamia upande wa Mbuba na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Tulicheza barazani kwetu, pembeni ya maharage yaliyoanikwa. Tukitoka misa tulimkuta Shabani ameshakaa, analalamika kwamba padri wetu anaongea sana.

Mwongozaji ana swali moja la kazi: "Unafanya nini?" Kule bwenini lilikuwa swali kweli. Nyumbani kwetu si swali. Mtoto wa kwetu akisikia "Unafanya nini?" anaachia alichoshika. Siku ya kwanza nilipomgeukia Kabula nikamwuliza hivyo, alisimama, akakung'uta sketi, akasema, "Samahani, dada." Tulicheka mpaka mama akachungulia dirishani. Nilipaswa kuelewa palepale kwamba nimeshika fimbo. Sikuelewa. Niliona tu raha ya kusikilizwa, na mtu asiye na ajira hufurahia sana kusikilizwa.

Sasa, miaka ile pori lililo kati yetu na Biharamulo halikupitwa hivihivi. Majambazi walisimamisha magari, watu waliuawa. Kwa hiyo magari yalisubiriana kwenye kizuizi cha polisi mwanzoni mwa pori, askari wenye bunduki wakapanda, ndipo msururu mzima ukaondoka pamoja. Tuliita eskoti. Ukiikosa unasubiri nyingine, hata kama ni kesho. Mimi, kwa akili zangu za chuoni, nikaona hapo ndipo pazuri pa kuweka hadithi. Nikatunga abiria watatu, pori, na jambazi mkuu anayeishi pangoni. Jambazi huyo nilimtungia hotuba kuhusu haki na unyonge. Nilitamani mno aitoe.

Jumapili ile Kabula hakuwa na haraka ya kumsikiliza.

"Tunasubiri eskoti," alisema.

"Eskoti leo haiji," nikajibu.

"Basi tunalala hapahapa kizuizini."

"Mvua inanyesha."

"Tunaingia chini ya lori."

"Lori linaondoka."

"Hilo lori ni la shemeji yako nini?" Shabani akauliza. "Mbona linakusikiliza hivyo?"

Deo aliweka dadu chini. "Basi mimi siingii polini. Narudi nyumbani."

"Polini au polisi?" Shabani akamchokoza. Deo, kama wengi wetu tuliokua tukizungumza Kihangaza nyumbani, herufi l na r zilimbadilikia mdomoni bila taarifa.

Hapo ningeweza kusema, haya, unarudi nyumbani, simulia. Hadithi ingekwenda kwingine na jambazi wangu angebaki pangoni na hotuba yake. Badala yake nikasema, "Mwacheni. Tumepata abiria mwoga. Aende kwa mama akanyonye."

Walicheka. Deo naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Kisha akaokota dadu. "Haya. Naingia."

Jambazi alitoa hotuba yake yote. Hakuna aliyeisikiliza.

Siku chache baadaye Deo aliitwa kwenye usaili wa kazi Biharamulo, kesho yake asubuhi. Siku hiyohiyo Shabani alimpeleka kwa pikipiki hadi kizuizini akapande gari la eskoti. Alasiri Shabani akarudi. Alizima pikipiki mbali na nyumba, akaja kwa miguu, akasema, "Shikamoo, dada." Nikajua kuna jambo, mwanangu. Shabani siku zote aliniita Bosi.

"Marahaba. Deo amepanda?"

"Tulikuta eskoti imeshaondoka. Kulikuwa na lori la mahindi, dereva anasema yeye haogopi, anapita peke yake. Deo amepanda hilo."

"Na wewe ukamwangalia tu?"

"Nilimwambia asubiri ya kesho. Akasema usaili hautamngoja. Halafu akasema..." Shabani alitazama maharage. "Akasema, 'Nikirudi nyumbani, dada ataniambia nikanyonye.'"

Nilipiga simu ya Deo. Haipatikani. Nikapiga tena, ile sauti ya mwanamke ikaniambia vilevile, kwa adabu ileile. Mama alikuwa ndani anapepeta, akauliza kama mtoto amefika. Nikamwambia yuko kwenye gari. Haukuwa uongo, na sijawahi kusema jambo la kweli lililonichoma namna ile.

Watu husema hofu inatokana na kutojua. Yangu ilitokana na kujua. Pori lile nililisimulia mwenyewe. Mawe yaliyopangwa barabarani niliyapanga mimi. Mtu anayetoka nyuma ya mti na kumwambia dereva azime taa, mimi ndiye niliyemfundisha asimame wapi ili dereva asimwone. Nilikaa barazani na kila nilichowahi kutunga kikanirudia, safari hii kikiwa na mdogo wangu aliyekaa juu ya magunia, na hakuna dadu. Nilijaribu kusali nikajikuta natunga: labda tairi lipasuke kabla hawajaingia ndani, labda dereva aumwe tumbo. Hata kwa Mungu nilikuwa nampangia matukio.

Kabula alikuja jua likielekea kuzama, akakaa pembeni yangu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Siku ile nilitaka tusubiri."

"Najua."

"Hujui. Mjomba wangu alipita pale bila eskoti. Tulizika nguo zake. Nilidhani kwenye mchezo, angalau, ningeweza kusubiri."



Simu iliita baada ya hapo. Lakini sitakuambia bado ilisema nini. Ndiyo, najua, bado naongoza mchezo. Tabia haikutoka yote. Nina sababu. Ukijua kama Deo alipona au hakupona, utaupima ushauri wangu kwa matokeo yake. Akipona utasema bibi huyu anakuza mambo. Akifa utasema bibi alistahili kulia. Nataka uusikie kabla hujajua, kama nilivyopaswa kuujua mimi kabla sijafungua mdomo.

Mwanangu, siku moja na wewe utashika hadithi ya watu wengine. Si lazima iwe mchezo. Utakuwa mwalimu, mzazi, mwenyekiti wa kikundi, dada mkubwa. Utakuwa na pango lako na hotuba yako nzuri, na watu watataka kwenda kwingine. Waache waende. Ukimwuliza mtu anafanya nini, nyamaza mpaka ajibu, na akijibu, ulimwengu wako ubadilike kidogo kwa sababu amejibu. Ukifunga milango yote ukabakiza mmoja, usimwambie amechagua. Mwambie umemsukuma, angalau atajua wa kumlaumu. Na anayesema "nasubiri" au "narudi" usimfanye kichekesho mbele ya watu. Huenda anakueleza jambo ambalo hana mahali pengine pa kulisema. Mwongozaji ana kazi ya kuonyesha pori lilivyo, hata kutisha kwake. Miguu ni ya wenyewe.

Mungu akupe watu wenye subira ya kusikiliza jibu lako, akunyime raha ya kutiiwa haraka, na kila unayempenda apite barabarani salama.

Simu, basi. Ilikuwa namba ngeni. Niliipokea nikiwa nimesimama, Kabula amenishika mkono.

"Dada, ni mimi. Yangu imeisha chaji, hii ni ya mama mmoja anauza chai hapa kizuizini."

"Kizuizini? Si ulipanda lori?"

"Nilishuka. Tulikuwa tumeanza kuingia, miti imekuwa mingi, nikagonga bodi nikasema nishusheni. Walinicheka, dada, mpaka utingo akakohoa. Nimerudi kwa miguu."

Nikauliza, "Na lori?"

"Limeshafika Biharamulo. Dereva amempigia mama wa chai amwambie anisalimie. Salama kabisa, hata tairi halikupasuka."

Kwenye mchezo wangu lori lile lingeungua, ili Deo aonekane mwerevu na mimi nitubu vizuri. Lilifika tu, likashusha mahindi.

"Na usaili?"

"Utanipita. Nitakwenda na eskoti ya kesho, nikawaombe wanisikilize."

"Deo, rudi nyumbani. Shabani anakuja kukuchukua sasa hivi, mama hata hajui—"

"Dada." Nyuma yake nilisikia vikombe na watu wakizungumza. "Nimesema nalala hapa, kesho nakwenda."

Nilikuwa na sababu kama nane za kumrudisha, zote nzuri, zimepangana mdomoni.

"Sawa," nikamwambia. "Lala salama."