Fundi Anayefumba Macho

“Shangazi, mbona ukisikiliza redio ya gari unafumba macho?” niliuliza nikiwa darasa la pili. Shangazi, fundi umeme wa magari, alicheka tu.

Jana dereva wa teksi alikuja mbio. Binti yake alikuwa anasoma habari za saa saba kwa mara ya kwanza, na redio ya gari inakoroma. “Ni antena! Hapana, spika! Fanya haraka, dada!” Shangazi akainamisha kichwa, akafumba macho. Dereva kimya. Vidole vya shangazi vikachomoa taa za urembo. Redio ikazidi kukoroma. Vikachomoa chaja ya simu. “Mchawi ndiye huyu,” akasema, na sauti ya binti ikajaa garini. “Huyo wangu! Huyo wangu!” dereva alipiga kelele hadi habari zenyewe hatukuzisikia. Shangazi akaninong'oneza, “Nikifumba macho wanadhani nasali, wananyamaza.”