Mto wa Makapi ya Ulezi

Hapa hekaluni kila mwanafunzi hujaza mwenyewe mto wa kukalia wakati wa kutafakari. Wenzangu wamejaza pamba. Mimi nimejaza makapi ya ulezi niliyotoka nayo kwetu Ufipa, na leo yamepata joto langu yakaanza kutoa harufu.

Harufu ile ile iliingia dirishani nikiwa mdogo, nimekaa mkekani kando ya mama, miguu tumeinyoosha, baridi ya sakafu ikitupanda hadi kiunoni. Baba alikuwa amezikwa jana yake. Nje, baba zangu wadogo walikuwa wanakomba ulezi wetu kihengeni. Walikomba hadi mbegu. Vumbi lake lilitufikia pale pale tulipokaa, likatuwasha puani.

"Mama, wanaumaliza," nikasema, nikataka kuinuka.

Mama akanikandamiza goti. "Tulia. Tukinyanyuka kabla ya kuanua tanga, watasema hatukumlilia baba yako."

Wanawake waliojaa chumbani walisikia ufagio ukikwangua sakafu ya kihenge. Wakaendelea kuimba. Shangazi akaniinamia, akaninong'oneza kwamba mimi ni mtoto mwenye adabu.

Kengele imelia. Wenzangu wanajikongoja, wanasugua magoti. Mwalimu wetu, mtawa mpole asiyeinua sauti, amesimama mbele yangu.

"Muda wote hujatikisika hata kidogo. Ulijifunzia wapi?"

"Ni mto tu, mwalimu," nimemjibu. "Ni laini sana."