Mpishi Wetu Hakuwa Mlevi

Mpishi wetu wa shughuli amefariki, na amezikwa hapa Tanga baada ya sala ya alasiri. Wengi wenu mmekula mkono wake bila kumjua: aliyewahi kualikwa harusi au hitima kati ya Tongoni na Muheza, huenda pilau aliyokula ilitoka kwenye masufuria yake. Nilikuwa nimeketi mkekani pale msibani niliposikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Ini ndilo lililommaliza. Kumbe mzee alikuwa akinywa kwa siri." Mwenzake akaguna, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilijua siku zote. Mimi siyaamini upesi maneno ya mkekani, na haya nayajua yalikotoka, kwa sababu marehemu alinisimulia mwenyewe. Mjane wake ameniruhusu niyaandike.

Alikuwa mtu wa shaka. Hakupika asichokiamini. Kwenye harusi moja kule Tongoni, baba wa bibi harusi alileta dumu la samli huku akijisifu kwamba kaiagiza mbali. Mpishi akafungua, akanusa, akachovya kidole, akafunga. "Shehe," akamwambia mbele ya wageni, "umeuziwa mafuta yaliyotiwa harufu. Kwa hii, mimi simo." Mwenye harusi alifura kwa hasira, lakini samli nyingine ikatafutwa na watu wakala wamechelewa. Baadaye nilimuuliza kama hakuona vibaya kumfedhehesha mwenye nyumba. Akanijibu, "Fedheha ya leo, au matumbo ya watu kesho?"

Mtu huyo ndiye aliyepatikana na saratani ya tezi dume, baada ya kuvumilia kwa muda mrefu mkojo uliogoma kutoka. Akaanzishiwa sindano, pamoja na vidonge vya kuzuia homoni za kiume zinazoulisha ugonjwa ule. Akaambiwa atapimwa damu mara kwa mara. Aliporudi kupimwa, vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda. Ndivyo vitu vinavyomwagika kwenye damu ini linapoumia. Daktari, binti wa umri wa wanawe, akaitazama karatasi ya majibu. "Mzee, unatumia pombe?" Akajibu, "Sijapata kuionja." Hapo daktari akamgeukia mkewe. "Mama, ni kweli?" Mama yule hakulitarajia swali. Akababaika, akanyamaza kidogo, ndipo akasema, "Ni kweli." Daktari akauliza kama anatumia dawa za miti shamba. Mzee akasema hatumii. "Haya," akajibu daktari, kwa sauti ya mtu asiyesadiki, akamwambia aendelee na vidonge, arudi kupimwa tena.

"Ule ukimya wa mke wangu," aliniambia mpishi, "uliniuma kuliko ugonjwa." Toka hapo akawashuku wote: daktari, mkewe, na zaidi vile vidonge. Kabla ya kuvianza ini lake lilikuwa salama. Kipi kingine kilichoingia mwilini mwake? Akawa anakitia kidonge mdomoni mbele ya mkewe, kisha anatoka uani kukitema. Mtu aliyeikataa samli hadharani alivikataa vidonge kwa kificho, na sababu naielewa: kwenye harusi alikuwa bingwa wa kazi yake, na hospitali alikuwa mtu asiyeaminiwa kuhusu mwili wake mwenyewe.

Kilichofuata ndicho kinachonitia uchungu. Aliporudi kupimwa, ini lilikuwa limetulia. Daktari akatabasamu. "Unaona, mzee? Umeiacha, na ini limepona." Mpishi akatikisa kichwa kukubali. Alikiri dhambi asiyoitenda ili afiche kosa alilolitenda, na mkewe alikuwa ameketi pembeni yake. Mama akarudi nyumbani na simanzi, akamnong'oneza dada yake. Dada naye ana shoga zake. Ndiyo njia iliyoyafikisha maneno yale msibani.

Ukweli ulitoka maumivu ya mgongo yalipomlaza. Mkewe akamkabili: "Mume wangu, miaka yote hii sijakusikia harufu ya pombe hata siku moja. Niambie ulikuwa ukinywa wapi." Akamwambia, "Sikunywa. Niliacha vidonge." Mama akalia, kisha akampeleka hospitali. Daktari akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Mzee akamjibu, "Uliniuliza mimi, ukatafuta jibu kwa mke wangu." Binti yule akainamisha uso. "Hapo nilikosa, mzee. Nisamehe." Akamweleza kwamba shaka lake lilikuwa na msingi: vidonge vile huweza kulisumbua ini, na angelisema wangevisimamisha na kutafuta dawa nyingine mapema. Wakambadilishia, na ini halikusumbua tena. Lakini saratani ilikuwa imekwisha ingia mifupani. Aliishi muda, akawa anasimamia masufuria akiwa ameketi kitini, hadi hakuweza tena.

Je, ule muda uliopotea ndio uliomuua? Sijui, na ninamshuku yeyote anayedai anajua. Ninachokijua ni kwamba shaka lenyewe halikuwa kosa lake. Tunaishi mji ambao mchuuzi wa unga wa mizizi anaahidi kuponya kila kitu, na hospitali mgonjwa huulizwa maswali huku faili la mwenzake likifunguliwa. Asiyeshuku hapo ni mjinga. Kosa ni shaka kukosa mahali pa kusemwa. Anayeidhani dawa yake inamdhuru, na amwambie aliyempa kabla ya kuitema. Na anayeuliza, na alisikilize jibu la mgonjwa mwenyewe.

Nilipomuaga mjane, nilimuuliza anataka niandike nini kuhusu mumewe. Akafikiri. "Andika kwamba aliogopa," akasema. "Mlevi hunuka, mwanangu, kila mtu humjua. Mwenye hofu hanuki." Basi tuwaulize watu wetu wanachokiogopa wangali hai, kabla hatujakaa mikekani kuwabunia sababu za kufa.