Maneno Kwanza, Chakula Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa na kikongwe kwa mwiko. Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana wa semina za amani, mnaokaa kwenye viti vya kukunja mkiandikiwa maneno ubaoni, mnadhani kupatanisha watu ni kazi ya mdomo. Ni kazi ya tumbo. Ngojeni nieleze.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini nilikuwa mpasua mbao kule Marani, nchi ya Kisii. Mimi juu ya gogo, mwenzangu chini shimoni, msumeno kati yetu. Shule niliachia darasa la nne. Lakini katika milima ile yote hapakuwa na mtu wa kuachanisha wanaopigana kama mimi. Niliachanisha walevi, niliachanisha ndugu waliogombea mpaka wa shamba, niliachanisha hata wake wenza, na hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote. Mchungaji wetu aliyekaa Nyakoe akasikia sifa zangu, akaniita. Kanisa lilitaka mtu wa kutembelea maboma yaliyoingiwa na damu: koo zilizopigania malisho, majirani waliochomeana nyumba, vijiji vya mpakani vilivyovamiwa kwa ajili ya ng'ombe. Cheo changu kiliandikwa Msaidizi wa Mwinjilisti. Kazi niliyofanya ilikuwa ya wainjilisti watatu.

Asubuhi ile Mchungaji aliniona nimekumbatia Biblia mpya. Akasema, "Iache mezani. Huko unakokwenda wanazo. Leo beba masikio."

Nikaenda. Kijana mmoja alikuwa ameua mtu wa ng'ambo ya kilima; boma la kijana huyo lilikuwa karibu na njia, basi nikaanzia hapo. Wakanipa uji wa wimbi, nikanywa, jua lilikuwa kali. Nikavuka kilima kwenda kwa wafiwa. Mama wa marehemu alikuwa anasonga ugali. Akatazama masharubu yangu.

"Huo uji umenywa wapi?"

Nikamwambia ukweli.

"Umekula kwao, halafu unaniletea mimi mkono wako?" Mwiko ukanifuata mpaka langoni.

Niliporudi Nyakoe, Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. "Makori, wewe ni Mgusii kweli, au uliokotwa Ulaya?"

Akanikumbusha jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu amelisikia kwa bibi yake. Familia mbili zikiwa na damu kati yao, hazili chombo kimoja. Aliyeua na aliyefiwa wakichovya pamoja kabla damu haijasemwa, chakula kile kinageuka ugonjwa. Zamani wazee walimaliza mambo kwa kondoo na kiapo. Kanisa lilikataa kondoo, likakataa na pombe. Ila Mchungaji yule, aliyekuwa na akili kuliko makatibu wote niliowatumikia baadaye, aliacha mpangilio wa wazee kama ulivyokuwa.

Mpangilio wenyewe ni huu. Kwanza ni kikao cha maneno. Wafiwa wanaulizwa wanataka kujua nini, na aliyetenda anajibu kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yao, mpaka wao waseme imetosha. Hakuna mtu wa kumjibia, hata mchungaji. Wakishasema imetosha, aliyetenda anakwenda kwa Chifu kwa miguu yake, na sisi tunamsindikiza, maana serikali ni serikali. Mwisho kabisa, pengine baada ya miaka, ndipo kinakuja kikao cha chakula: ugali wa wimbi katika kikapu kimoja, na maombi. Na mpatanishi hali popote mpaka siku hiyo. Mimi nilitembea na ndizi zangu za kuchoma mfukoni. Watu walinicheka, wakaniita Makori wa Ndizi. Waliocheka ndio walionitafuta yalipowafika.

Nilikaa Nyakoe, nikahamishiwa Marani, nikapelekwa mpakani ambako mwinjilisti aliyenitangulia alitoroka akaacha hata kofia yake. Mimi sikutoroka. Siwezi kuhesabu vikapu nilivyoshuhudia vikichovywa na watu waliokuwa wamewindana kwa panga. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nikapelekwa Manga.

Sasa hapo Manga ndipo hasira yangu inapokaa, na haijahama.

Koo mbili zilipigana kwa ajili ya malisho ya kando ya kijito, chini ya ukingo mrefu wa mwamba wa Manga. Nitawaita watu wa Juu na watu wa Chini, maana watoto wao sasa wanasoma pamoja. Mtu mmoja wa Juu alikatwa akafa. Mke wake aliitwa Nyaboke, mwenye watoto wanne na shamba lake dogo la chai. Nilipofika kwake sikuketi mpaka aliponiketisha. Nikamuuliza anataka kujua nini.

"Mambo mawili," akasema. "Nani alimkata mume wangu. Na mume wangu alisema nini mwishoni. Walimleta nyumbani ameshafunga macho. Mtu hawezi kuondoka bila neno, Makori. Nataka neno lake."

"Na ng'ombe wa fidia?"

"Ng'ombe ana neno gani?"

Nikaanza kazi. Miezi mingi nilishuka kwa watu wa Chini na kupanda kwa watu wa Juu. Wa Chini walikuwa wanafahamu, ila walifunga midomo. Mmoja wao, Ombati, shemasi wa kanisa letu, ndiye aliyenisaidia kuita watu vikaoni. Alikuwa hodari wa kuhubiri kwamba habari za kikapu na damu ni ushirikina wa mababu. Nilimwona amekonda. Nikamwachia nafasi. Mtu mwenye neno kooni humkabi, unakaa karibu naye mpaka atapike mwenyewe. Mara mbili alinisindikiza hadi kijitoni, akafungua mdomo, akaufunga. Alibakiza kidogo tu! Wiki moja, pengine mbili.

Ndipo akaja Katibu.

Huyu alikuwa Katibu wa kanisa, mwenye ofisi Kisii mjini, suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni. Akaniita.

"Makori, tuna mgeni mkubwa wa kanisa kutoka ng'ambo. Anaondoka Jumatatu. Jumapili watu wa Manga wale pamoja mbele yake. Andaa."

"Bwana Katibu, maneno bado. Yule mama hajasikia."

"Atasikia kwenye mahubiri."

"Aliyeua hajajitaja."

"Sisi hatutafuti kesi, tunatafuta upendo. Au wewe wa darasa la nne sasa unanifundisha theolojia?"

"Theolojia ni yako. Mimi nakufundisha Kisii."

"Kwani mimi si Mgusii?"

"Ulikuwa. Vitabu vimekusugua mpaka kwenye mfupa."

Karani wake alicheka, akajifanya anakohoa. Katibu hakucheka. Alinipa amri kwa maandishi, na mhuri juu. Nilipaswa kuichana pale pale. Sikuichana. Mimi si mtu wa kujuta, lakini hilo najutia.

Jumapili akina mama wa kanisa la mjini wakaleta chakula, mpiga picha akaja, na Chifu akafika na askari wake. Katibu akapanga watu kwenye nyasi kama anayepanda mahindi: wa Juu, wa Chini, wa Juu, wa Chini. Kwa mkono wake akamketisha Ombati karibu na Nyaboke, kwa kuwa shemasi alikuwa nadhifu na angetokea vizuri pichani. Katikati yao kikaja kikapu cha wimbi. Mgeni akaombea chakula. Katibu akachovya wa kwanza. Vijana wakaona mtu wa Mungu amekula, nao wakala.

Ombati akakata tonge. Akalikanda. Akalikanda tena. Mkono ukafika kidevuni ukakataa kupanda. Shemasi aliyehubiri miaka yote dhidi ya ushirikina akaliweka tonge kwenye nyasi, taratibu, kama yai.

Nyaboke naye hakuwa anakula. Alikuwa anatazama mikono.

"Ombati," akasema, "kula."

Ombati akaifuta mikono yake kwenye nyasi.

"Kula, shemasi, tuone."

"Sogeeni karibu kidogo!" mpiga picha akapiga kelele. Hakusikia Kigusii, maskini.

Uwanja mzima ulikuwa umeelewa. Vijana wa Juu wakasimama. Panga za kukatia miwa zilikuwa pale pale kwenye majani ya migomba. Na Katibu, mtu wa kalamu tatu, alikuwa wapi? Nyuma ya gari la mgeni. Ni mimi niliyeruka katikati. Nilikiondoa kikapu kile kwa mikono yangu, nikapiga ukelele wa mpasua mbao, ule unaomfikia mtu wa shimoni: "Kila mtu aketi!" Wakaketi. Nawaambia, waliketi hata wale waliokuwa tayari wameketi.

Nikamwambia Ombati, "Sema sasa."

Akasimama, machozi yanamtoka. "Ni mimi. Pale kijitoni. Nilimkata mimi."

Nyaboke akainuka kuuliza la pili. Nilimwona akifungua mdomo. Lakini Katibu alikuwa amempungia Chifu mkono, na askari wawili wakamshika Ombati kwa mshipi wakamtia kwenye gari lile lile la mgeni. Injini ikanguruma.

"Ngojeni!" Nyaboke akapaza sauti. "Hajanijibu! Ngojeni, hajanijibu!" Alikimbia nyuma ya gari mpaka barabarani, kanga ikadondoka, vumbi likamfunika.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini. Katibu alikuwa ameandika taarifa ndefu. Ilisema koo mbili zimepatana kwa upendo mbele ya mgeni wetu, na picha ya mikono ndani ya kikapu ilikuwa imebandikwa ukurasa wa kwanza. Palibaki sahihi ya shahidi.

"Weka sahihi hapa, Mwinjilisti." Siku hiyo ndipo aliponiita Mwinjilisti kwa mara ya kwanza.

"Hawajapatana."

"Muuaji amepatikana, chakula kimeliwa. Unataka nini zaidi?"

"Mimi sitaki kitu. Yule mama ndiye anayetaka, na hajapata."

"Makori, kuna wengi wanaoitaka kazi yako."

"Wape. Waambie waje na ndizi zao."

Nikatoka. Barua iliyonifuata ilisema nimestaafu mapema kwa sababu za afya. Afya! Mwezi huo huo nilipasua mbao za nyumba yangu peke yangu, vyumba vitano, paa la bati, na chai yangu leo inashuka kilima chote. Sikumsujudia mtu.

Lakini sikieni lililoniuma kuliko kufukuzwa. Nyaboke aliomba kwenda gerezani kumwona Ombati, amuulize lile swali. Akaambiwa alete barua ya kanisa. Akatembea mpaka Kisii, kwa Katibu. Wakamjibu kwamba barua za upatanisho hutolewa kwa kesi zilizo wazi, na yake imefungwa, kwa kuwa taarifa inasema walishapatana. Mama yule alisimama mbele ya karatasi inayosema amepatana, akarudi Manga bila neno la mume wake. Akaenda Kisii tena. Na tena. Karatasi ile haikuwahi kuona aibu.

Nyinyi mliorithi kazi hii mnaniuliza siri yake ni nini. Mnataka niwafupishie. Wakubwa wenu nao wana wageni wanaoondoka Jumatatu. Mimi nawajibu: mwenye jeraha ndiye anayeshika saa. Mwingine yeyote akiishika, hata awe na mhuri, ameiba.

Ombati alitoka gerezani mwishoni mwa miaka ya sabini. Nyaboke akaniletea ujumbe. Nilimwambia sina cheo tena. Akasema, "Cheo nilikiona kikikimbilia nyuma ya gari. Njoo wewe."

Tukakutana kijitoni saa nne asubuhi, sisi watatu. Hawakusalimiana. Ombati alikuwa na mvi, na viatu bila kamba.

"Alisema nini?" Nyaboke akauliza.

Ombati alitazama maji. "Aliita jina langu. Alisema, 'Ombati, ni wewe?'"

"Halafu?"

"Halafu sikumjibu."

Mama yule akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "Miaka yote nilidhani alikufa kati ya watu asiowajua." Akanigeukia. "Umesikia, Makori?"

"Nimesikia, mong'ina." Ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamke mwenye boma lake.

"Imetosha."

Akaanza kupanda kilima. Ombati akaniuliza kwa mnong'ono kama sasa anaweza kwenda kuwaona watoto wa marehemu. Nikamwambia si mimi wa kuulizwa. Akakusanya nguvu akaita, "Mama, naweza kuja kwako? Niwaeleze watoto?"

Nyaboke hakugeuka wala hakusimama. Alijibu akiendelea kupanda:

"Njoo Jumapili. Uje mchana, wakuone uso. Chakula sipiki."