Vifaranga Chini ya Balbu Nyekundu

Ngina wa Murera alitaka kuku wa mayai, akanunua vifaranga hamsini katika agrovet moja Ruiru, duka la dawa na vyakula vya mifugo. Boksi liliandikwa "majike". Wiki ya kumi, thelathini wakaanza kuwika.

Mimi, jirani yake mfuga kuku, niliijua hila hiyo. Vifaranga wa aina ile, jike ni kahawia na dume ni manjano, lakini muuzaji huwaonyesha chini ya balbu nyekundu wakafanana wote. Nikamrudisha Ngina dukani.

"Mama, hata jogoo ni kuku," muuzaji akacheka.

"Haiya! Basi taga wewe!" Ngina akamrudishia.

Nikatoa boksi jingine la "majike" chini ya balbu, nikalibeba hadi juani. Manjano tupu, madume! Wateja wakasogea kuchungulia.

"Chukueni thelathini wengine, mnyamaze," muuzaji akanong'ona.

Ngina akawachagua wa kahawia mwenyewe kutoka maboksi mengine pale juani, mmoja mmoja, mimi nikitema mate kwa kinyaa cha ujanja ule.